Kijumbe, mtoto au wapangaji wote: nani aisimulie hadithi hii fupi?

Kalamu ya Mbagala

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika hadithi fupi ambayo nimeiwekea mpaka wa maneno 3,000, na kisa chake ni hiki. Katika nyumba ya kupanga huku kwetu Mbagala, yenye vyumba sita na ua mmoja, Mama Rehema ni kijumbe, yaani mkusanyaji na mtunza fedha, wa mchezo wa kupeana wa wanawake kumi, ambao kila mmoja hutoa shilingi 50,000 kwa mwezi. Usiku wa kuamkia siku ya kumkabidhi mpokeaji, zile laki tano alizozifunga kwenye pindo la khanga na kuzificha chini ya godoro zinatoweka. Lawama zinamwangukia Zuhura, mpangaji mgeni anayeuza vitumbua, na kabla jua halijatua anafungasha vyombo vyake na kuhama. Aliyezichukua ni mume wa Mama Rehema, na mke analijua hilo tangu alfajiri.

Rasimu niliyonayo ni ya nafsi ya tatu, na msimulizi wake anaingia katika kila chumba na kila kichwa. Matukio yote yamo, lakini hadithi imepoa, kwa sababu kufikia ukurasa wa pili msomaji ameshamjua mwizi na hana tena cha kusubiri. Nimejaribu kuigeuza iwe ya nafsi ya kwanza, nikaona kwamba kilichobadilika ni viambishi tu. Ninaomba mnisaidie kuamua huyo "mimi" awe nani: Mama Rehema, Zuhura, au Rehema mwenyewe, binti wa miaka tisa aliyelala mkekani katika chumba hichohicho?

Mwalimu Mstaafu, Upanga

Ndugu mleta mada, kuchagua kati ya "mimi" na "yeye" ni jambo la baadaye. Kwanza jiulize anayesimulia anajua nini, amekijuaje, na ana sababu gani ya kutuficha sehemu yake. Rasimu yako imepoa kwa kuwa msimulizi wako maizi anajua kila kitu na hana anachopoteza akikisema. Fanani wa zamani aliyeanza kwa "hadithi, hadithi" naye alijua yote, lakini yeye alikuwa na sauti, uso, mikono na hadhira iliyomwitikia, hivyo aliweza kutuambia mapema kwamba Fisi atakufa na bado tukakaa kusikiliza atakufaje. Mwandishi wa karatasini hana vitu hivyo, kwa hiyo taharuki anaijenga zaidi kwa kuchagua nani azibwe macho na wapi.

Tumjaribu Zuhura. Yeye anajua jambo moja tu, kwamba hakuiba, na kuanzia sentensi ya kwanza msomaji yuko upande wake. Utapata hadithi ya dhuluma iliyo wazi, ila utapata shida ya kumfikishia ukweli: utalazimika kumfanya apite dirishani wakati mume na mke wanagombana, na msomaji mzoefu hulitambua dirisha la namna hiyo kutoka mbali.

Ukimchagua Mama Rehema, swali la nani aliiba linakwisha mapema, na hilo si hasara. Linabaki swali kubwa zaidi, la namna mtu mwema kwa majirani zake anavyojipatia sababu za kumtoa mwenzake kafara. Sikiliza anavyoweza kusema: "Mimi Zuhura sikumtaja. Walimtaja wenyewe pale uani, nami tangu asubuhi nilikuwa nimeshachoka kubishana na watu." Hapo hajasema uongo hata mmoja, na bado tumeshamkamata. Msimulizi wa aina hii, ambaye maneno yake yanamshitaki bila yeye kujua, ndiye anayestahili nafsi ya kwanza. Katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alimwachia msomi Kazimoto ajisimulie mwenyewe, na sehemu kubwa ya uzito wa riwaya ile inatokana na sisi kufungiwa ndani ya kichwa kile, tukiitazama dunia kwa dharau yake na bila mtu wa pembeni wa kutupumzisha.

Dada wa Sinza

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Zuhura, lakini mimi ningemchagua mtoto. Mama Rehema ana akili ya kujitetea, na utetezi ukirefuka katika hadithi ya maneno 3,000 huchosha. Mtoto hatetei chochote, kwani anaeleza alichokiona bila kukielewa, na kazi ya kukielewa inabaki kwetu wasomaji. Mleta mada anaweza kuandika hivi:

"Baba alipiga magoti karibu na kitanda kama anayetaka kusali, lakini hakuelekea kibla. Mkono wake uliingia chini ya godoro hadi kwenye kiwiko. Mama alikuwa amefumba macho, ila hakuwa anakoroma."

Sentensi hiyo ya mwisho ina siri ya nyumba nzima, na Rehema anaitoa bila kujua uzito wake. Msimulizi maizi angetuambia kwamba Mama Rehema alikuwa macho na alijifanya amelala, na tungebaki bila kazi.

Kuna hadhari moja. Amua mapema kama anayesema ni Rehema wa miaka tisa au ni Rehema mtu mzima anayekumbuka. Wa kwanza hawezi kutamka "dhuluma" wala "unafiki" na hawezi kujua kwa nini baba yake alizichukua fedha zile. Wa pili anaweza yote hayo, lakini atashawishika kutufafanulia kila tukio kwa "wakati ule sikujua kwamba," na kila anapolisema anatunyang'anya kile ambacho macho ya mtoto yalitupa. Waandishi wengi wanaochagua mtoto huwachanganya hawa wawili ndani ya aya moja, na matokeo yake ni mtoto anayezungumza kama diwani.

Mhariri, Kinondoni

Naona mnaikimbia nafsi ya tatu kwa kosa ambalo si lake. Kilichoiharibu rasimu ni msimulizi kuzurura katika vichwa vyote, na dawa yake inaweza kuwa kumfungia katika kichwa kimoja, huku akiendelea kusema "yeye". Faida yake ni kwamba unamkaribia mhusika bila kulazimika kuiga lafudhi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mahali pa kupimia ni majina. Ukimfuata Mama Rehema kwa karibu, mwanamume yule hawezi kuitwa "Bwana Hamisi" katika masimulizi, kwa sababu hakuna mke wa Mbagala anayemfikiria mumewe kwa jina hilo. Atakuwa "Baba Rehema" au "mume wake". Ukiandika "Bwana Hamisi" umeshatoka chumbani na kusimama barabarani. Vivyo hivyo, huwezi kusema kwamba uso wa Mama Rehema ulisawijika, maana yeye hauoni uso wake. Anachoweza kukipata ni ukavu wa koo na mikono isiyotulia. Nikihariri hadithi huwa napigia mstari sehemu za aina hiyo kwanza, kabla ya kugusa tahajia, na mara nyingi ndizo zinazonionyesha kwamba mwandishi bado hajaamua amesimama wapi.

Lakini ukifuata njia hii, jihadhari na wahusika wawili wa nafsi ya tatu katika sentensi moja. "Alimtazama, akajua kwamba anajua" inampoteza msomaji, kwa kuwa vitenzi vyetu havitofautishi hata mwanamke na mwanamume.

Msomaji Tu

Mbona hakuna aliyetaja wingi? Mwaka 1930 Mmarekani William Faulkner alichapisha hadithi fupi kuhusu bibi mmoja aitwaye Emily, na anayesimulia ni "sisi", yaani watu wa mji wake waliomchungulia kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja kati yao anayejitaja kwa jina, na kwa kutojitaja wanajivua lawama. Kisa cha mleta mada kinaliomba jambo hilohilo. Zuhura hakufukuzwa na mtu mmoja. Alifukuzwa na ua mzima, na kesho yake kila mpangaji aliendelea kufua nguo zake.

Kalamu ya Mbagala

Nawashukuru nyote. Hoja ya Dada wa Sinza kuhusu mtoto ilikuwa imeshanivuta, lakini mchango wa mwisho umenikalisha chini usiku kucha, na nimepata mwanzo huu:

"Hatukumfukuza Zuhura. Tulimwambia tu kwamba tangu aje, sabuni zimekuwa zikipungua bafuni, na kwamba mtu akihisi hapendwi mahali, Dar es Salaam ni kubwa. Alikubaliana nasi kwa hasira. Tukamsaidia hata kubeba ndoo."

Tatizo langu sasa ni zile fedha zilizoibwa. "Sisi" hatukuwamo chumbani usiku ule. Je, ukweli kuhusu mume ufike vipi, au nikubali usifike kabisa na kumfanya msomaji naye aamini kwamba Zuhura ni mwizi?

Mwalimu Mstaafu, Upanga

Nimeacha kumtetea Mama Rehema baada ya kusoma aya hiyo. Ile "tukamsaidia hata kubeba ndoo" inafanya kazi ambayo yeye angeifanya kwa kurasa tatu.

Ukweli lazima ufike kwa msomaji, kwa sababu akiamini kwamba Zuhura ni mwizi, hadithi itakuwa imemdanganya bila faida. Hata hivyo, usiulete kwa mtu kuungama. Zitumie kuta. Nyumba nyingi za kupanga za aina hiyo zina kuta za ndani zisizofika kwenye paa, na bila dari sauti ya chumba kimoja husikika katika vyote. Kwa hiyo "sisi" tunaweza kukiri, katikati ya maneno mengine, kwamba alfajiri ile kabla ya adhana tulisikia kitanda cha Mama Rehema kikilia, mwanamume akikohoa, komeo likivutwa, na mwanamke akiuliza kwa sauti ya chini, "Zote?" Kisha "sisi" tuendelee na habari za sabuni kana kwamba hatukusema kitu. Jambo hilo liweke mapema, katika theluthi ya kwanza, wakati msomaji bado hajui kwamba fedha zitapotea, ili likumbukwe baadaye na yeye peke yake.

Mhariri, Kinondoni

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu "Zote?" Ongezo langu ni dogo: katika mwanzo ulioutuma, ondoa "kwa hasira". Wapangaji wanaodai kwamba hawakumfukuza mtu hawawezi kukubali kwamba walimwona amekasirika. Wao wangesema alikubali vizuri tu.