Wakala anataka milioni nne na nusu ya visa ya Ujerumani. Nilipe au niende ubalozini mwenyewe?

BintiPasua

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi.

Niko Moshi, Pasua, nina miaka 23. Nimemaliza kidato cha sita, nimesoma Kijerumani mpaka B1, kiwango cha kati, na cheti ninacho. Juzijuzi nyumba moja ya kulelea wazee kusini mwa Ujerumani imenikubali kwa mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, ile Ausbildung. Usaili tulifanya kwa video, mkataba umekuja umesainiwa na mhuri juu.

Kuna wakala Arusha mjini aliniandikia wasifu wa kazi, nikamlipa, tukamalizana. Alivyosikia mkataba umefika akanipigia mwenyewe. Anasema visa ni habari nyingine, peke yangu sitoboi. Anataka milioni nne na nusu: ya kupata miadi ubalozini, ya "kuweka faili juu", na ya kunitengenezea taarifa ya benki inayosoma milioni thelathini. Nusu niwe nimelipa kabla ya Jumatatu. Mama yuko tayari kukopa kwenye kikoba, ameshazungumza na mwenyekiti wao. Mimi roho inasita.

Naomba kujua, hizo milioni thelathini ni lazima? Kuna mtu wa huku kwetu aliyepita mwenyewe bila wakala akapata? Halafu jina: cheti cha kuzaliwa kinasema Massawe, vyeti vya shule vya NECTA vinasema Masawe, s moja. Wakala anasema hilo lina bei yake pembeni.

KijanaSakina

Dada, hela benki lazima, usidanganywe. Rafiki yangu alienda kusoma chuo kikuu kule, alitakiwa aweke euro 11,904 kwenye akaunti inayofungwa, anatolewa 992 kila mwezi. Hiyo kwa madafu ni zaidi ya milioni thelathini. Kwa hiyo wakala kwenye hilo hajakosea. Bei yake tu ndiyo imechangamka.

Mwalimu_Mstaafu_Machame

Marahaba binti. Mtu anayekuwekea tarehe ya mwisho ambayo ubalozi haujaiweka, mkimbie.

Mimi nilifundisha hisabati mpaka nikastaafu, sasa niko Machame na migomba yangu. Mtoto wangu wa mwisho yuko Ujerumani kwa mafunzo hayohayo, na makaratasi yake tuliyapanga mimi na yeye mezani pale tunapolia chakula. Hakuna wakala aliyeyagusa.

Miadi haiuzwi. Ubalozi wao uko Dar, Umoja House, pale Garden Avenue inapokutana na Mirambo, jengo moja na Waingereza. Unajiandikisha mwenyewe mtandaoni, bure. Kinacholipiwa ni ada ya visa, euro 75, basi. Kukuuzia miadi ni sawa na kumuuzia mtu wa Machame maji ya Mto Kikafu. Na hilo la "kuweka faili juu" lilinichekesha, maana maombi ya kukaa muda mrefu hayaamuliwi Dar peke yake. Ofisi ya wageni ya mji unaokwenda nayo inaweza kuulizwa, na ofisi ya ajira ya serikali yao inaangalia huo mkataba wako. Huyo bwana wa Arusha ana shangazi kwenye ofisi zote tatu?

Kijana wa Sakina, nakuheshimu, ila umechanganya mambo mawili. Hizo 11,904 ni za mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye hana mshahara, kwa hiyo wanataka kuona atakula nini. Anayekwenda kwenye mafunzo ya kazi analipwa kila mwezi na mwajiri. Dhamana yake ni mkataba. Binti, fungua mkataba wako utafute neno Ausbildungsvergütung, yaani malipo ya mafunzo, chini yake kuna tarakimu za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hizo ndizo "milioni thelathini" zako.

Sasa taarifa ya benki ya kutengeneza. Hapo niliacha chai ikapoa. Una mkataba halali, una B1 halali, halafu mtu anakuomba pesa akuwekee karatasi ya kughushi katikati ya karatasi safi! Ikibainika, wanakataa maombi yote, na jina linabaki kwenye kumbukumbu zao. Atakayekuwa ameharibikiwa ni wewe, yeye hata sahihi yake haimo humo.

Jina ndilo la kushughulikia, na uanze leo. Huku kwetu tatizo hili ni la kila ukoo. Binti yangu kanisani ni Happyness, shuleni ni Happiness, na karani wa vitambulisho wa NIDA akaandika tulivyomwonyesha cheti cha kuzaliwa. Tandaza vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa cha RITA, vya NECTA, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha lugha na mkataba. Soma jina herufi kwa herufi, na mtu mwingine asome kwa sauti wewe ukifuata kwa kidole, kwa sababu jicho la mwenye jina huliona jina zima hata likiwa pungufu. Halafu chukua pasipoti ndiyo iwe kiongozi. Mkataba na cheti cha lugha vifanane nayo. Kama mwajiri kaandika s moja, mwandikie arekebishe sasa, ni barua pepe moja tu.

Kwa vile vya NECTA, nenda kwa wakili, wako wengi Moshi mjini karibu na mahakama. Mwambie unataka hati ya kiapo kwamba Massawe na Masawe ni mtu mmoja. Ndani yake ziandikwe tahajia zote mbili, namba ya kila cheti na tarehe yako ya kuzaliwa, na aiandike kwa Kiingereza. Ukitaka kulimaliza jambo moja kwa moja kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini kwa s moja iliyopotea, sisi kiapo kilitutosha. Gharama yake haikaribii hata kivuli cha hizo milioni.

La mwisho kwa leo, barua ya kueleza kwa nini unataka uuguzi. Andika mwenyewe. Nimeona barua za mawakala: zote zinasema mwombaji "ana shauku kubwa na taaluma adhimu". Binti yangu aliandika alivyomuuguza bibi yake aliyepooza upande, alivyokuwa akimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na alivyogundua kwamba bibi anakula uji vizuri akikaa ametazama dirishani. Aliulizwa juu ya hayohayo, akajibu bila kutafuta maneno.

NesiNjiro

Shikamoo Mwalimu. Dada wa Pasua, hongera kwa mkataba.

Mimi ni mtoto wa Njiro, sasa niko huku Ujerumani kwenye mafunzo hayo, mwaka wa pili. Alichosema Mwalimu kuhusu pesa ni kweli, ila kuna kipengele usikiruke. Mshahara wa mafunzo haulingani kila mahali. Wanaofuata viwango vya sekta ya umma, mwaka wa kwanza unapata zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato. Baadhi ya nyumba binafsi za wazee wanalipa pungufu ya hapo. Ubalozi unaangalia kama kinachobaki kinatosha kuishi, na kikipungua ndipo unatakiwa kuonyesha nyongeza. Kwa hiyo soma tarakimu kwanza. Muulize mwajiri pia kama ana chumba, na kodi yake, maana chumba kikiwa kimeandikwa kwa barua kinasaidia.

Kitu kingine ambacho wakala hatakwambia kwa sababu hakimpi hela: kuna utaratibu wa haraka. Mwajiri wako ndiye anayeuanzisha huku, kwenye ofisi ya wageni, kwa idhini yako ya maandishi. Ada yake ni euro 411. Ofisi ikiridhika inatoa kibali cha awali, na kuanzia hapo ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu, na kuamua ndani ya wiki tatu nyingine ukishawasilisha maombi kamili. Ukitaka "faili juu" kwa njia halali ni hiyo. Mwandikie mwajiri swali moja tu: "Mnafanya beschleunigtes Fachkräfteverfahren?" Wanaoajiri kutoka nje mara kwa mara wanaujua.

Na uijue kazi yenyewe kabla hujafika dirishani ubalozini. Mafunzo ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, katika miaka mitatu. Vitendo ni zamu ya asubuhi, giza bado, unamwogesha mzee anayekuita kwa jina la mtoto wake. Ofisa akikuuliza utafanya nini huko, usijibu "kusoma" ukanyamaza.

Koti usinunue jipya. Pita soko la mitumba la Memorial pale Moshi, makoti ya baridi waliyoacha wapanda mlima yanapatikana, mengine hata huku ni ghali. Na ukifika, jiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili baada ya kuingia kwenye makazi. Halafu itakuja barua ya kulipia redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Ni bili halali, usidhani umetapeliwa. Mimi nilishaanza kuwatafuta polisi.

DerevaWataliiArusha

Mimi nazungusha Wajerumani Serengeti na Ngorongoro, na mdogo wangu amepita njia hiyo. Niongeze mawili.

Dirishani wanaweza kukubadilishia lugha katikati ya maongezi, bila hodi. B1 ya kwenye karatasi inaganda pale. Tafuta mtu uongee naye kila siku mpaka miadi, hata kama ni kueleza tu jinsi ya kupika kiburu. Na kama mwajiri atataka B2, kiwango kinachofuata, baadaye, kumbuka Nairobi ni karibu kuliko Dar kwa sisi wa huku: unapanda shatoo, unavuka Namanga, Goethe, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha na kutoa mitihani, ipo. Mtihani wa B1 na wa B2 una sehemu nne, na unaweza kurudia ile uliyoanguka peke yake, kwa hiyo asikuogopeshe mtu. Maombi ya visa ndiyo lazima Dar.

Pili, usipange kushuka kwenye basi na kwenda ubalozini asubuhi hiyohiyo. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, na Barabara ya Morogoro asubuhi unaijua au umeisikia. Fika siku moja kabla, lala maeneo ya Kisutu au Posta, uamke utembee kwa miguu.

KijanaSakina

Mwalimu, nimekuelewa, nilichanganya chuo na mafunzo. Ila swali: akinyimwa je? Wakala huwa wanasema wao "wanakata rufaa".

Mwalimu_Mstaafu_Machame

Swali zuri. Zamani ukinyimwa ulikuwa unaandika barua ya kupinga kwa ubalozi uleule, bila malipo. Utaratibu huo Wajerumani wameufuta dunia nzima tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa kuna njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokataliwa, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin. Kwa hiyo wakala anayekuuzia hiyo barua ya rufaa leo anakuuzia kitu kilichokwisha muda. Ndiyo maana nasema jina lirekebishwe kabla.

Na wakala yeyote anayeshughulika na ajira za nje anatakiwa awe na leseni ya wizara inayohusika na kazi. Mwombe akuonyeshe. Uone atakavyoanza kukohoa.

BintiPasua

Asanteni sana, Mwalimu Mungu akuweke. Dada Nesi, nimeangalia mkataba: mwaka wa kwanza ni euro 1,340, na chumba kipo. Nimemwandikia mwajiri lile swali, amejibu hapohapo kwamba wanaufanya utaratibu huo na ananitumia fomu ya idhini nisaini. Mama nimemsomea majibu yenu yote, amemwambia mwenyekiti wa kikoba asitishe mkopo.

Limebaki moja. Cheti changu halisi cha kidato cha nne kiko kwa wakala tangu aliponiandikia wasifu. Nimemwomba, anasema nitakipata "tukishaelewana".

Mwalimu_Mstaafu_Machame

Hapo msielewane. Cheti ni mali yako, na yeye hana haki ya kukishikilia hata kama ungekuwa unadaiwa. Usiende peke yako na usibishane kwenye simu. Mtumie ujumbe wa maandishi leo: unafuata cheti chako kesho, saa fulani. Nenda na mtu mzima wa familia, mwanaume au mwanamke, asiyetishika. Akikataa mbele ya shahidi, mwendo ni kituo cha polisi kilicho jirani na ofisi yake, na huo ujumbe uwe kwenye simu. Wengi hukitoa ukishataja kituo.

BintiPasua

Nimetuma ujumbe. Naenda na mama mdogo, ni muuza ndizi Kiboriloni, hatishiki na mtu. Saa tatu asubuhi tutakuwa mlangoni.

NesiNjiro

Kwa mama mdogo wa Kiboriloni hicho cheti kitatoka na bahasha mpya. Ukishakipata, kipige picha pande zote mbili, na nakala zako za ubalozini ziwe seti mbili.