Je, Jon Postel alitumia vibaya mamlaka yake juu ya intaneti?

Ndugu wanajamvi,

Tunajadili kama Jon Postel, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alivuka mipaka tarehe 28 Januari 1998. Siku hiyo aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva nane kati ya 12 zilizokuwa zikinakili orodha kuu ya majina ya vikoa, yaani anwani za mtandao kama zile zinazoishia na .com au .ke, akiwataka waichukue kwenye kompyuta aliyoiteua yeye badala ya ile ya kampuni ya Network Solutions kule Virginia. Wote nane walikubali. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alipopata habari alimtaka arudishe mambo yalivyokuwa, naye akayarudisha, akisema lilikuwa jaribio. Wapo wanaouita uamuzi huo uasi. Mimi siuoni hivyo.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba kazi ya Postel iligharimiwa na mkataba wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuigusa orodha hiyo bila idhini. Lakini fedha hizo hazikuwa ndizo zilizompa utii wa watu. Tangu mwaka 1969, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alihariri nyaraka za RFC ambazo ndizo zinazoeleza jinsi mtandao unavyofanya kazi, zikiwemo zile za mwaka 1981 zilizoweka itifaki za IP na TCP, yaani kanuni za kompyuta kupelekeana data, na ya mwaka 1982 iliyoweka utaratibu wa kupeleka barua pepe. Alitunza pia daftari la namba zinazotumika kwenye mtandao, na kwa karibu miaka 30 wahandisi walimwamini kwa sababu hakumpendelea mtu. Network Solutions, kwa upande wake, ilikuwa ikitoza dola 50 kwa mwaka kwa kila jina tangu 1995, bila mshindani, kwa nguvu ya mkataba wa serikali hiyohiyo. Tukiuliza ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa na uhalali zaidi machoni pa waliouendesha mtandao, jibu si gumu.

Hata hivyo, wakosoaji wana jambo moja la kweli, nalo linatugusa sisi. Katika waraka wake wa mwaka 1994, RFC 1591, Postel aliandika kwamba kudai haki na umiliki wa kikoa si sahihi, na kwamba linalostahili kuzingatiwa ni wajibu na huduma kwa jamii. Alikataa pia kuamua nchi ni ipi na ipi si nchi, akafuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi ya ISO, shirika la viwango la kimataifa. Hiyo ilikuwa busara kubwa: Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, kikoa chake cha .zr kilikipisha kile cha .cd kwa kufuata orodha hiyo, bila ofisi ya mtandao kuingia katika siasa za Kinshasa. Ila utaratibu huohuo uliwakabidhi mafundi binafsi vikoa vya nchi. Kikoa cha Kenya, .ke, kilikabidhiwa mwaka 1993, na ilipita karibu miaka kumi kabla ya KENIC, shirika la Kenya la kusimamia kikoa hicho, kukishika. Wananchi hawakuulizwa.

Kwa hiyo kosa ninaloliona halimo katika barua pepe ya Januari, bali katika kuliacha jambo zito namna hiyo likining'inia kwa mtu mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani. Postel alifariki tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 55, wiki chache tu baada ya ICANN, shirika lisilo la faida la kusimamia majina na namba za mtandao, kusajiliwa ili ichukue kazi yake. Angefariki mwaka mmoja kabla, sijui nani angelipokea daftari lile kwa ridhaa ya wote. Na serikali ya Marekani haikuiachia ICANN usimamizi huo hadi tarehe 1 Oktoba 2016.

Wanaoshikilia neno uasi nawaomba wanijibu hili: waendeshaji wale nane walikuwa huru kukataa, na Postel hakuwa na njia yoyote ya kuwalazimisha. Walipokubali kwa hiari yao, alimwasi nani?