Johnny Weissmuller: bingwa wa kuogelea aliyekuwa Tarzan

Swali: Wakuu, yule Weissmuller wa filamu za zamani za Tarzan aliogelea kweli, au ni ujanja wa kamera? Baba anashikilia kwamba alikuwa bingwa wa Olimpiki.

Jibu: Mzee yuko sahihi kabisa. Julai 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, kwa sekunde 58.6. Paris 1924 akachukua dhahabu tatu, Amsterdam 1928 mbili. Nafundisha watoto kuogelea na huwa nawaonyesha picha zake: kichwa na kifua viko juu ya maji, miguu inapiga bila kupumzika. Leo ningemwambia mwanafunzi ashushe kichwa, lakini yeye alipaa juu ya maji, na nampenda kwa hilo.

Jibu: Ongeza na shaba ya polo ya majini, palepale Paris.

Swali: Shukrani! Filamu je?

Jibu: Za Tarzan ni 12, 1932 hadi 1948. Kisha akaigiza filamu za Jungle Jim. Mtafute na Buster Crabbe, mwogeleaji mwingine wa Marekani: dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 mwaka 1932, kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, na mwaka uliofuata naye akawa Tarzan.