Mrejesho: kuanza mapema maandalizi ya masta ya takwimu

Wakuu habari zenu, mimi ni yule wa mwaka wa pili, takwimu, UDSM, niliyeuliza kama ni mapema mno kuanza kuwaza masta. Wengi mlisema hesabu kwanza, mambo ya kompyuta baadaye, basi nikachukua ile kozi ya uchambuzi wa kihisabati (real analysis, hesabu za kuthibitisha) ambayo watu wa takwimu huwa tunaikimbia, aisee epsilon na delta, zile alama za kwenye uthibitisho, zimenitoa jasho, unakesha na uthibitisho wa mistari sita halafu lekchara anazungushia duara kitu kimoja tu, "delta hii imetoka wapi?" Ila sasa hivi nadharia ya probabiliti inaingia kichwani kweli.

Aliyesema lekchara akujue kabla hujamwomba barua ya kukupendekeza masta, ubarikiwe mkuu. Namsaidia lekchara mmoja kusafisha data za mradi wake kwenye R (programu ya takwimu), bure, inachosha (kuna mtu ana umri wa miaka 199 humo, we acha tu), lakini siku ya barua atakuwa na cha kuandika.

Nalenga AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, kule Kigali maana wanafadhili masta, na Marekani pia, kule unaweza kuingia PhD ya takwimu moja kwa moja na digrii ya kwanza na vyuo vingi vinakulipa ukifundisha, dedilaini nyingi ni Desemba. GRE, mtihani wa kuombea masta na PhD, naangalia chuo kwa chuo, vingine havitaki kabisa. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, sijaigusa, nasikilizia bumu (hela ya mkopo wa chuo) nilipie.