Volti zikishuka, ampea za birika zinapanda au zinashuka? Naomba msaada wa hesabu

Baba Watatu (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Nina birika la umeme lililoandikwa kitakoni 230 V, 2000 W. Mtaani kwetu umeme hufifia ifikapo saa mbili usiku, na fundi mmoja alinionya kwamba volti zikishuka ampea hupanda, hivyo nisilitumie birika wakati huo nisije nikaunguza nyaya. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: nguvu ni volti mara ampea, basi 2000 ikigawanywa kwa 190 inatoa ampea 10.5, nikaona fundi ana hoja. Jana alikuja na mita ya kubana waya, na birika likiwa linachemsha tukasoma volti 190 na ampea 7.2 tu. Yeye anasema betri ya mita imechoka. Naomba mnionyeshe ni nani aliyekosea kati ya mimi, fundi na mita.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu:
Ndugu Baba Watatu, mita yenu ni nzima. Kosa liko kwenye ile 2000 uliyoichukua kitakoni mwa birika na kuigawanya kwa volti za saa mbili usiku, ilhali mtengenezaji ameahidi wati 2000 pale tu birika linapopata volti 230. Kitu ambacho birika hubaki nacho, volti ziwe nyingi au chache, ni ukinzani wa koili yake, yaani kiasi ambacho waya wake wa kupasha joto huzuia umeme kupita, na huo unapatikana kwa kuzidisha volti kwa volti kisha kugawanya kwa wati: 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 2000, unapata omu 26.45.

Sasa rudi kwenye sheria aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, kwamba mkondo ni volti kugawanya kwa ukinzani. Ukigawanya 190 kwa 26.45 unapata ampea 7.18, yaani kile kile mlichosoma. Nguvu halisi ni 190 mara 7.18, karibu wati 1365, ambazo ni kama asilimia 68 ya zile zilizoandikwa, ingawa volti zenyewe zimepungua kwa asilimia 17 pekee. Wanafunzi wangu hushangaa hapo kila mwaka: volti zikipungua mkondo nao hupungua, kwa hiyo nguvu hupata hasara mara mbili. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka, tukipuuza joto linalopotea, huhitaji dakika nne hivi kwa wati 2000. Kwa wati 1365 zinakaribia sita.

Fundi Mstaafu:
Mwalimu amesema vyema, lakini nisingependa yule fundi aonekane mwongo. Maneno yake ni ya kweli kwa pampu ya maji na kwa friji, kwa sababu mota iliyobebeshwa mzigo ule ule hujaribu kuumaliza hata volti zikipungua, ikavuta ampea zaidi, ikapata joto na hatimaye kuungua. Ameichukua kanuni ya mota akaivika birika.

Mdadisi:
Naomba kuongeza swali. Kwa kanuni hiyo hiyo, balbu ya zamani ya wati 60 inapaswa kuwa na omu 882, lakini nimeipima kwa maltimita ikiwa mezani nikapata omu 65. Je, na mimi nimekosea?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu:
Hujakosea. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukiwaka hupita nyuzi 2000, ambapo ukinzani wake huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa ubaridini. Koili ya birika ni ya aloi ambayo ukinzani wake hubadilika kidogo sana kwa joto, ndiyo maana hesabu yetu ya juu imekubali.

Fundi Mstaafu:
Baba Watatu, nina jambo moja lililonikera. Pimeni volti kwenye swichi kuu na kwenye soketi ya birika, mara moja birika likiwa limezimwa na mara nyingine likiwa linachemsha, kisha utuletee namba zote nne. Mpimaji awe fundi mwenyewe, wewe andika tu.

Baba Watatu:
Wakuu, tumepima. Birika likiwa limezimwa, sehemu zote mbili zinasoma 196. Likichemsha, swichi kuu inasoma 195 na soketi inasoma 190.

Fundi Mstaafu:
Basi volti 5 zinapotelea ndani ya nyumba yako. Gawanya 5 kwa 7.2, ni omu 0.69; zidisha 5 kwa 7.2, ni wati 36 za joto. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, hata ukiwa na mita 15 kwenda na 15 kurudi, una omu 0.2 tu. Zilizobaki ziko kwenye kiungo kilicholegea, na wati zaidi ya 20 zikirundikana mahali padogo kama kidole huyeyusha plastiki. Zima swichi kuu, umruhusu fundi afungue soketi.

Baba Watatu:
Ameifungua. Skrubu ya waya mwekundu ilikuwa imelegea, na plastiki pembeni yake imegeuka rangi ya kahawia. Soketi mpya inafungwa kesho asubuhi, na usiku huu chai tunachemsha kwa mkaa.