Naomba ushauri: nguo za kupima mwilini, niziuze mtandaoni?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, nabuni na kushona mwenyewe. Wasichana wawili ninaowafundisha kazi wananisukuma niuze kupitia Instagram na WhatsApp. Moyo unakataa.

Mteja akija namsimamisha mbele ya kioo, napitisha tepu begani, kifuani, kiunoni. Bega moja likiwa limeshuka kidogo naliona, na nakata kitambaa kulifuata. Picha itanionyesha hilo? Mwaka jana mama mmoja wa Nakuru alinitumia vipimo kwa simu. Nikamshonea gauni la kitenge lenye bitana, nikalituma kwa matatu. Likarudi, limembana makwapani. Kulifumua kulinila siku mbili, na kitambaa kikabaki na matundu ya sindano. Niliumia sana. Halafu kuna kuigwa mishono. Picha ikishatoka haina mwenyewe.

Lakini kodi ya duka imepanda, na wiki za mvua wateja ni wachache mno. Mliowahi kuuza hivi, vipimo mnavichukuaje? Au nionyeshe picha tu, mteja aje apimwe dukani? Na nguo ikirudi, nauli analipa nani?