Diwani, walimu na mpishi kuimba taarabu kwa kushtukiza, Tanga: tuwaandaeje?

Mtoto wa Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Hapa Tanga mjini tunamuaga mwalimu mkuu anayestaafu, na kuna jambo wageni hawalijui: diwani, walimu wawili wa kike na mama mpishi wa shule watapanda jukwaani kuimba taarabu. Hakuna aliyewahi kuimba mbele za watu. Tuna mpiga kinanda mmoja, spika 2, mikisa ndogo (mashine ya kurekebisha sauti) na maiki 2, moja haina waya. Zimebaki siku 9. Wimbo gani unawafaa, na mazoezi yaendeje ili watu wafurahi nao wasije wakazomewa?

Kibwagizo:
Anzeni na urefu, mkuu. Asiye mwimbaji anaposhika maiki, ukumbi hulipuka nusu dakika ya kwanza. Obama pale Apollo Theater, New York, Januari 2012, aliimba kipande kidogo tu cha Al Green akaendelea na hotuba, na watu walipagawa. Yoon Suk Yeol, aliyekuwa Rais wa Korea Kusini, Ikulu ya Marekani, Aprili 2023, alichukua mwanzo wa "American Pie" kama dakika moja, na wimbo wenyewe unapita dakika 8.

Taarabu ina utangulizi mrefu wa vyombo, na hapo ndipo mgeni wa jukwaa huganda asijue mikono aiweke wapi. Ukateni ubaki mapigo 8. Ubeti wa diwani, kiitikio wote, ubeti wa mpishi, kiitikio mara 2, basi. Dakika 2 na nusu. Mpishi aje baada ya diwani: diwani wamezoea kumsikia kwenye maiki, mama yule hawajamsikia hata siku moja.

Kinanda Ngamiani:
Kabla ya wimbo, tafuteni ki ya kila mtu, yaani kimo cha sauti cha kuimbia. Diwani ahesabu 1 hadi 10 kwa sauti ya kuzungumza, mpiga kinanda atafute noti inayolingana naye. Hapo ni karibu na chini ya sauti yake. Kisha aite kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja, "Weee!" Hapo ni karibu na juu. Asiyejifunza kuimba huwa na kama noti 8 anazozimudu bila kukaba koo. Noti ya juu ya kiitikio ikae noti 1 au 2 chini ya ukomo wake, kwani siku yenyewe woga hubana koo.

Nyimbo nyingi za taarabu zimeimbwa na wanawake. Mwanaume akizifuata kwa ki ileile anashuka oktavu nzima, sauti inazama, haisikiki. Pandisheni nusu toni 4 au 5 (nusu toni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda) kwa kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha au kushusha ki. Ila ki hiyo itamtesa mpishi, kwa hiyo kutaneni katikati, nusu toni 2 au 3, na mchague wimbo ambao toka noti ya chini hadi ya juu ni noti 6 tu. Florence Foster Jenkins, yule Mmarekani aliyesifika kwa kuimba vibaya, hakukosa ujasiri pale Carnegie Hall, New York, Oktoba 1944, akiwa na miaka 76. Alichagua nyimbo za opera zenye noti za juu asizozifikia, na ukumbi ukamcheka.

Diwani akianza nje ya ki, mpiga kinanda ndiye amfuate. Obama alipoanzisha "Amazing Grace" kule Charleston, Juni 2015, alianza peke yake, kinanda kikamtafuta na kumkuta njiani.

Fundi Mitambo:
Maiki italia wakiikumbatia. Mtu mwenye woga hufunika kile kichwa cha wavu kwa kiganja, ikaanza kuchukua sauti ya spika kila upande. Washike katikati ya mpini, vidole 3 kutoka mdomoni. Spika zikae mbele yao zikitazama watu, wao nyuma. Kwenye mikisa punguzeni besi ya maiki, sauti isivume. Maiki isiyo na waya iwekewe betri mpya siku hiyohiyo.

Na tuzo! Tanga hii watu watakuja kutunza. Wakimzonga mpishi watamsukuma hadi mbele ya spika, na mlio utatoboa masikio. Wekeni sinia pembeni mwa jukwaa, na mtu wa kuwaelekeza huko.

Mtoto wa Makorora:
Ahsanteni sana. Maneno tunatunga wenyewe, kumtaja mwalimu. Wakisahau je?

Kibwagizo:
Tungeni kwa mizani 8 kwa 8, kina kitawakumbusha. Kwa mfano:

*Mwalimu ulotulea, leo twaja kukuaga*

Kwenye kadi andika neno la kwanza na vina viwili tu: Mwalimu, -lea, -aga. Mtu akiwa na mstari mzima anausoma, uso chini, na karatasi inatetemeka wote wanaiona. Kadi ibandikwe kwenye stendi, herufi kubwa. Na walimu wale wawili wakae na maiki ya waya muda wote, wajue beti zote mbili. Diwani akikwama, wadakie kiitikio hapohapo bila kumtazama. Ukumbi utadhani ndivyo ulivyopangwa.

Kinanda Ngamiani:
Mazoezi yawe dakika 20 kila siku, mara 2 za mwisho wakiwa wamesimama na maiki mkononi. Mpishi asipige kelele jikoni siku ya sherehe, sauti itakauka.